Aliyekuwa Anapika Ni Mimi

Kijiji cha Maguu,
kwa Posta ya Mbinga,
Ruvuma.

15 Septemba 2024

Mpendwa dada yangu Ephrasia,

Shikamoo, dada. Kabla ya yote nataka kujua habari ya magoti yako, maana uliniambia siku ile kwamba ukipanda ngazi za kanisani unashika ukuta. Je, ile dawa ya kuchua imesaidia? Na shemeji Joakim, kifua chake kimetulia? Wajukuu wanaendeleaje na shule? Ninaposema tunawaombea siyo maneno ya kujazia karatasi. Kila jioni kabla ya kula tunawataja kwa majina, ninyi nyote wa Bukoba.

Sisi huku tunaendelea. Baridi ya mwezi wa saba ilitubana sana, hata kahawa kwenye vichanja ilichelewa kukauka, lakini sasa jua limerudi na tunamalizia. Mahindi tumepata ya kutosha chakula. Mwanao Sixbert yuko kazini kwake Songea, ni mzima. Mwanao Aurelia yuko kwa mume wake Mbinga mjini, naye mzima, mtoto wake ameanza kutembea na anavunja kila anachokishika. Kaburi la mama tumelipalilia, na ule msalaba uliokuwa umeinama nimeunyoosha.

Najua utashangaa kupokea barua, maana umezoea nikupigie. Lakini kile kisimu chako cha kitochi ukipokea unaweka sauti kubwa, wajukuu wamekuzunguka, na jambo ninalotaka kukueleza siwezi kulisema watu wakisikiliza. Tena simu inataka mtu ajibu pale pale. Nimeona ni afadhali uisome peke yako, ukasirike, upumzike, ndipo uamue la kunijibu.

Dada, mwezi wa saba nilikuambia kwamba wifi yako Tadea amepona mkono. Nilikuambia anapika. Ukapiga kigelegele kwenye simu, nikakisikia, na baadaye ukaniambia umetoa nia ya misa ya shukrani huko kwenu. Tadea hajapona mkono. Hajapika hata uji tangu siku aliyoanguka. Aliyekuwa anapika ni mimi.

Nikueleze ilivyokuwa, nisipunguze.

Unajua kiharusi kilimpata mwezi wa tatu, akitoka shambani kuchuma majani ya maboga. Alirudi kutoka hospitali kabla ya Pasaka, upande wa kulia hauna nguvu na maneno yanatoka nusu nusu. Aurelia akaja kumuuguza. Akina mama wa kwaya nao wakajipanga wenyewe bila kuombwa: leo huyu analeta kuni, kesho yule anakuja kufua, keshokutwa wawili wanamshika huku na huku wanamtembeza uwanjani mpaka kwenye migomba na kurudi. Unaijua nyumba yetu ilivyo juu, ya mwisho kabla ya msitu. Kupanda mpaka kwetu si kazi ndogo, lakini walipanda. Na walikuwa wanaimba naye. Ajabu ni kwamba neno la kawaida lilikuwa linamkwama kooni, lakini wimbo ulikuwa unatoka mzima. Akiimba, huwezi kujua kama ni mgonjwa.

Kahawa ilipoanza kuiva Aurelia akarudi kwa mume wake. Yeye hakutaka. Nilimwambia nenda mwanangu, baba yako ana mikono. Kusema ni rahisi.

Wewe unatujua tulivyolelewa. Baba hakuwahi kuepua hata sufuria ya maji yake ya kuoga. Wewe ndiye uliyekuwa jikoni, na mimi kazi yangu ilikuwa kuuliza kama chakula tayari. Nimefika umri huu, mwenyekiti wa kigango, mtu anayesimama mbele ya watu Jumapili padri asipofika, na nilikuwa sijui unga unatiwa kabla maji hayajachemka au baada. Siku ya kwanza nilifunga mlango wa jiko ili anayepita asinione. Moshi ukajaa mle ndani mpaka nikatokwa na machozi ya kweli. Ugali ulitoka na mabuja ya unga makubwa kama viazi. Tadea aliokota buja moja kwa mkono wa kushoto, akaligeuza huku na huku, akacheka. Sikuwa nimemwona akicheka tangu alipougua.

Basi akanifundisha. Nilimtandikia mkeka karibu na mafiga, akawa ananionyesha kwa mkono mzima na kwa neno moja moja. "Moto." "Bado." "Geuza." "Chumvi... siyo hivyo." Nikajifunza kumenya nyuzi za majani ya maboga, kutwanga karanga zisiwe unga wala zisiwe mawe, kukingoja kitunguu kiive bila kukiharakisha. Nilikuwa nikitoka shambani na jembe nawaza mchuzi. Mwezi wa sita ulipokuwa unaisha nilikuwa nasonga ugali ambao mtu anaweza kuula bila kunionea huruma. Lakini mlango wa jiko nilikuwa bado naufunga.

Sasa sikia lililofuata. Akina mama hao wana grupu lao la watsapu, wameliita Jiko la Jioni. Wamo wa kwaya ya hapa Maguu, wamo wa Mbuji na wa Mbinga mjini, na wamo ndugu zake Tadea wa kule ziwani, Mbamba Bay. Jua likianza kushuka kila mmoja anatuma picha ya kilichoko motoni kwake. Huyu ametia ndizi na maharage, yule ana dagaa na ugali wa muhogo, mwingine anasema jamani kwangu leo ni makande tena, msinicheke. Wanataniana, wanafundishana, wanaulizana chumvi na bei ya nyanya. Mimi nilikuwa naona ni mchezo wa watu wasio na kazi. Tadea alilipenda kuliko redio. Baada ya kuugua, mimi ndiye niliyekuwa namshikia simu na kumsomea.

Jioni moja Restituta, kiongozi wa kwaya, aliandika: "Mama Sixbert, tumekukumbuka humu ndani. Leo kwako kuna nini?" Tadea akaichukua simu kwa mkono wa kushoto, akajaribu kuandika. Kidole kikateleza. Akajaribu tena. Mwishowe akaiweka chini, akageukia ukutani.

Sikuweza kumtazama hivyo. Nikafunua sufuria yangu ya maharage niliyoyaunga kwa karanga, nikapiga picha, nikaandika: "Leo ni maharage ya karanga na ugali. Karibuni." Nikatuma.

Haki ya Mungu, sikupanga kudanganya. Sikuandika nani kapika. Lakini majibu yalimiminika kabla sijaiweka simu chini. "Mungu mkubwa!" "Mkono umerudi!" "Mama Sixbert amerudi jikoni jamani!" Restituta alituma sauti, anapiga vigelegele mpaka simu inatetemeka. Tadea alinitazama, anangoja nisahihishe. Nami nilikusudia kusahihisha. Nilishaanza kuandika "hapana". Halafu nikawaza waume zao wakisimuliwa. Nikawaza ghala la kahawa siku ya mizani, wanaume wamepanga foleni, na vicheko vyao ninavyovijua kwa sababu na mimi huwa nacheka hivyo hivyo. Nikafuta "hapana". Nikaandika: "Asanteni kwa sala zenu."

Kesho yake nikatuma tena. Na keshokutwa. Nikwambie ukweli wote, dada: nilianza kupenda. Walikuwa wanasema mkono wa Mama Sixbert haujasahau. Mama mmoja wa Mbuji aliuliza majani yake mbona yanageuka meusi, nikamjibu kwa jina la mke wangu asifunike sufuria, akashukuru kweli kweli. Nilifika mahali pa kuifuta sahani ukingo wake kwa kitambaa na kuitoa nje kutafuta mwanga mzuri. Mtu mzima mwenye mvi. Mwanzoni Tadea alikuwa anacheka nami. Halafu akaacha kucheka. Halafu akawa akiniona nimeshika simu anafumba macho. Nikadhani ni ugonjwa.

Kilichokuwa kinatokea uwanjani kwangu sikukiona. Wa kuni hakuja tena. Wa kufua hakuja. Wale wa kumtembeza hawakuja. Kahawa imeiva, kila mtu ana yake ya kuchuma, na mgonjwa mkono umepona, anapika vizuri kuliko wao. Wapande mlima kufanya nini? Na mimi, Mungu anisamehe, niliona nafuu. Hakukuwa na mtu wa kuchungulia jiko langu.

Jumapili moja wakati wa matangazo Restituta alisimama akaomba watu wote wamshukuru Mungu kwa ajili ya Mama Sixbert. Kigango kizima kilipiga makofi. Nilikuwa mbele pale, kitabu mkononi. Nikaitikia amina. Walipouliza mbona haji kusali, nikasema miguu bado, na mteremko wetu mnaujua. Ni wiki hiyo hiyo nilipokupigia wewe.

Mwisho wa mwezi wa nane akaja Ottilia. Huyu ni mdogo wake Tadea, yule anayekausha samaki kule Mbamba Bay, ambaye siku ya harusi yetu alikuwa bado kasichana kadogo. Hakutoa taarifa. Nilikuwa nageuza kahawa kwenye vichanja, nikasikia bodaboda inapanda kwa taabu. Akashuka amejaa vumbi mpaka kwenye kope, ndoo ya samaki wa mbasa waliokaushwa kwa chumvi mkononi na mfuko wa unga wa muhogo begani.

"Shemeji!" akasema kwa sauti kubwa. "Nimekuja kula chakula cha dada. Mmeniringishia picha vya kutosha."

Tadea alikuwa amelala ndani. Pale uwanjani tulikuwa mimi na Ottilia tu, na dereva alishageuza pikipiki. Nilikuwa na nafasi ya kusema, dada. Hakuna mtu angenisikia ila yeye. Nikasema: "Dada yako amejipumzisha kidogo. Oga kwanza utoe vumbi, ukimaliza utamkuta jikoni." Nikampelekea maji ya moto bafuni, kule nyuma ya nyumba.

Hili linalofuata sijamwambia hata padri kwa ukamilifu. Nilimwamsha Tadea, nikamshika kiunoni, nikampeleka jikoni haraka kuliko miguu yake ilivyoweza. Nikamkalisha kwenye kigoda mbele ya mafiga. Maji yalikuwa tayari yanachemka, nikatia unga, nikakoroga mpaka ukaanza kushikana. Halafu nikachukua mkono wake wa kulia, nikafungua vidole kimoja kimoja, nikaviweka kwenye mwiko, nikavifumba kwa mkono wangu.

Alinitazama. Hakuelewa. Kisha akasikia sauti ya mdogo wake anaimba huko bafuni, akaelewa. Mkono hakuuvuta, maana hana nguvu ya kuuvuta. Alifumba macho tu.

Nikatoka nikasimama mlangoni, kama mwenye nyumba anayengoja mgeni.

Ottilia akaja anajifunga khanga. Alipomwona dada yake mbele ya moto, mwiko mkononi, alipiga kelele ya furaha, akapiga magoti pale pale kizingitini. "Dada! Dada yangu!" Tadea hakugeuka. Na mimi nilikuwa natabasamu. Nilikuwa bado natabasamu Ottilia aliponyamaza ghafla. Vidole vilikuwa vimeachia. Mwiko ulikuwa umelala upande, na mkono wa Tadea umeteleza ukalalia ukingo wa sufuria, na hauondoi. Hawezi kuuondoa. Ottilia aliruka akauinua. Ngozi ya pembeni ya kiganja ilikuwa imeshaungua.

Alimsogeza mbali na moto, akachota maji ya baridi kwa kikombe, akawa anayamwaga polepole juu ya ule mkono. Hakunitazama alipouliza.

"Shemeji, nani anapika katika nyumba hii?"

"Mimi."

"Tangu lini?"

"Tangu Aurelia aondoke."

"Na zile picha?"

"Ni mimi."

Akamwaga kikombe kingine. "Mwezi wa sita nilishafunga mizigo nije kumuuguza," akasema. "Nikaona ile picha ya maharage. Nikafungua mizigo."

Ndipo Tadea aliposema. Ilimchukua muda mrefu, midomo inatafuta njia, na sisi tukangoja.

"Wame... acha kuja."

Kisha akanigeukia mimi. Akalitafuta neno, likamkimbia, akalifuata mpaka akalipata.

"Umeniponya... kwenye simu."

Dada, nimezika wazazi, nimewahi kusimama mbele ya mkutano nikatukanwa, lakini sijawahi kutamani ardhi inifiche kama saa ile. Miezi yote hiyo nilijua nina siri ndogo ya mwanamume anayepika. Kumbe mke wangu alikuwa anakaa kwenye mkeka anasikiliza njia, anangoja watu ambao mimi mwenyewe nimewazuia, na hana hata maneno ya kunishtaki. Nilimwona akifumba macho kila jioni, na nikaendelea kupiga picha.

Nilitaka kutoka nje. Ottilia akanizuia. Akautoa mwiko, akausuuza, akanipa.

"Kupika siyo aibu, shemeji. Ungeniambia unapika ningekusifu mpaka kwetu ziwani. Sasa songa. Ugali unaungua na mgonjwa hajala."

Nikasonga. Nikapika na yule mbasa, na kwa vile akili haikuwepo nilisahau kumloweka, akawa chumvi tupu. Tulikula hivyo hivyo. Ottilia alimlisha dada yake, na mimi nikawa naongeza maji ya kunywa.

Tulikuwa bado tunakula grupu lilipoanza kuita. "Mama Sixbert, leo?" Nikamwomba Ottilia awaeleze yeye. Akakataa kwa kichwa. Tadea akanisogezea simu kwa mkono wa kushoto, akaiacha mbele yangu. Nikarekodi sauti. Nilisema: "Akina mama, huyu ni Baba Sixbert. Mama Sixbert hajapona mkono. Chakula mlichokuwa mnakiona nilipika mimi, nikawaacha mwamini ni yeye, kwa sababu niliona aibu kuonekana jikoni. Leo ameungua kwa sababu yangu. Nisameheni." Nilipoachia kitufe nilikuwa natoka jasho kama mtu aliyebeba gunia.

Jioni ile hakuna aliyetuma picha nyingine.

Asubuhi Restituta akapanda na wenzake, kuni kichwani. Walinisalimia kwa adabu sana, jinsi unavyomsalimia mtu wa kijiji kingine, wakanipita wakaingia kwa Tadea. Nikawasikia wanalia. Kisha wakaimba, na baada ya muda nikasikia sauti yake ndani ya sauti zao. Mimi nilikuwa nje napanga kuni ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Walipotoka Restituta alisimama mbele yangu. "Baba Sixbert, tulikuwa tunamwonea wivu. Unajua? Mgonjwa, tunamwonea wivu, tunasema kahawa ikiisha tutakwenda kula kwake." Nikamwomba msamaha tena. "Mimi nimekusamehe," akasema. "Lakini usinisimamishe tena mbele ya watu nimshukuru Mungu kwa uongo."

Jumapili iliyofuata nilisema mbele ya kigango, kwa ufupi, nikiwa nimesimama chini pamoja na watu wengine. Nilitaka kuacha uenyekiti. Padri ameniambia nisikimbie, niendelee mpaka uchaguzi. Naendelea, lakini kila nikisema "tumwombe Bwana" naona nyuso zinanipima, na wana haki.

Kuhusu wanaume, yamekuwa yale yale niliyoyaogopa. Ghalani wananiita Mama Sixbert. "Mama Sixbert, leo kuna nini?" Nacheka nao. Inachoma, sikufichi, lakini ukilinganisha na ule mkono juu ya sufuria ni kitu kidogo sana. Mmoja tu, Victor, ambaye mke wake anaumwa mgongo, alingoja wenzake waondoke akaniuliza kwa sauti ya chini maharage yanaungwaje. Nilimweleza. Sikujiona mtu wa maana kwa kumweleza.

Lililo kubwa zaidi ni hili. Tulimpeleka Tadea Mbinga, na mtaalamu wa mazoezi akauliza kwa nini kutembea kulisimama katikati, maana miezi ile ya mwanzo ndiyo mwili unaitikia vizuri. Nikamwambia sababu. Hakunigombeza, aliinamisha kichwa tu. Kuhusu mguu ana matumaini. Kuhusu mkono hakutuahidi kitu. Ngozi iliyoungua imepona, imebaki alama, na kila ninapomnawisha kabla ya kula alama hiyo iko chini ya kidole gumba changu.

Siyo mabaya matupu. Ottilia amesema atakaa mpaka mvua zianze. Akina mama wamerudi kwa zamu, na Tadea anafika kwenye migomba kwa fimbo, mtu mmoja tu pembeni. Mimi bado napika, na mlango nimeuacha wazi. Picha akitaka itumwe inatumwa, asipotaka haitumwi. Bado hanitazami usoni kama zamani. Juzi nilimwuliza kama amenisamehe, akasema, "Nusu." Nimepokea hiyo nusu.

Ile misa yenu ya shukrani inaniuma sana. Sijui kama unapaswa kumwambia padri wenu, amua mwenyewe kama mkubwa wangu. Mimi ninachojua ni kwamba ulipiga magoti yale mabovu kwa ajili ya uongo wangu. Naomba unisamehe, na ukiona vigumu sasa hivi, nitangoja.

Nisalimie shemeji Joakim, mwambie kahawa yake ya kunywa nitamtumia tukimaliza kukausha. Nisalimie Benadetha na watoto wake, na wajukuu wote, hasa yule anayependa kunyang'anya simu. Aurelia, Sixbert na Ottilia wanakuamkia. Mungu akulinde katika kupanda na kushuka, na akupe usingizi mzuri.

Nina ombi moja. Mpigie wifi yako. Ukinipata mimi, usiongee na mimi, sema unamtaka yeye. Ukishamsalimia atakaa kimya kwa muda mrefu. Usidhani simu imekatika, na hata ukijua neno analolitafuta usimmalizie. Mngoje alitoe mwenyewe. Mimi nimemsemea vya kutosha.

Ni mdogo wako akupendaye, mwenye haya mbele yako,

Ildefonsi